UZI: Moyo wa mtoto mchanga nao una arobaini yake

#1 MkungaWaKonde

Assalaam alaykum wana jukwaa. Nimetoka zamu ya usiku, mvua ya masika inapiga bati, usingizi umenikataa. Basi leo naandika uzi ambao nimeshauahidi mara tatu.

Kisa ni cha hapa mtaani kwetu, Pemba. Jirani yangu kapata mjukuu Jumatatu. Jumanne daktari kamsikiliza kifua, kasema moyo una sauti ya ziada, mama na mtoto wasitoke kwanza. Alhamisi kasikiliza tena: hamna kitu, moyo unadunda kama saa. Bibi mtu anasema ni kombe alilomnywesha mzazi. Baba mtu anasema daktari hajui kazi, kawatia roho juu bure. Kombe mimi sina neno nalo, na daktari namjua, kazi yake anaijua. Sauti ilikuwapo kweli, na ikaondoka kweli. Alichokisikia Jumanne ni kichochoro kinachofungwa.

Mtoto akiwa tumboni hapumui. Mapafu yake yamejaa maji. Oksijeni inamfikia kwa damu inayotoka kwenye kondo la nyuma kupitia kiungamwana, ambacho wengi tunakiita kitovu tu. Ukikichungulia pale kilipokatwa utaona matundu matatu: mshipa mmoja umepwaya, huo ndio unaomletea damu iliyoshiba, na miwili midogo iliyokaza, inayorudisha iliyokwisha kutumika.

Sasa kama mapafu hayana kazi, damu yote iende huko kutafuta nini? Mola kaweka njia tatu za kupita kando. Moja ni mkato ndani ya ini. Ya pili ni kilango baina ya vyumba viwili vya juu vya moyo; vitabu vinakiita foramini ovale. Ya tatu ndiyo kichochoro changu, duktusi ateriosusi, kinachounga mshipa mkubwa uendao mapafuni na aota, mshipa mkuu wa mwili. Kichochoro khaswa, kama vya Mji Mkongwe: unatokea barabara kubwa hii, unachomoka barabara kubwa ile, sokoni hukufika. Damu inayopita mapafuni kwenyewe ni fungu moja au mawili tu katika kumi.

Anatoka, analia. Hewa inaingia, maji yanasukumwa na kunyonywa na mwili, mishipa ya mapafu iliyokuwa imejibana inalegea, damu inamiminika huko. Damu ile inarudi upande wa kushoto wa moyo, na shinikizo la upande huo linapanda. Kiungamwana kikibanwa, kondo lililokuwa likipokea damu kwa wepesi limeondoka, shinikizo la mwili mzima linapanda pia.

Kilango kina kibao upande wa kushoto tu. Wenye nyumba za kale wataelewa: mlango wa uani ulioachwa wazi na kusi, kaskazi ikigeuka unajipiga wenyewe. Tumboni upepo ulikuwa unatoka kulia. Mtoto akishapumua unatoka kushoto. Kibao kinajibandika, bila ya fundi.

Kichochoro hakifungwi namna hiyo. Kile ni cha nyama inayojikaza. Tumboni kinawekwa wazi na oksijeni ndogo na kemikali iitwayo prostaglandini, ambayo nyingi inatoka kwenye kondo. Oksijeni ikipanda na kondo likiondoka, kinaanza kukunja. Kwa mtoto aliyetimia miezi, kwa kawaida kinakaza ndani ya siku moja hadi tatu, na kinachukua wiki mbili tatu kuwa kamba kavu isiyopitika tena. Katika zile siku za mwanzo damu ikipenya kwenye upenyo mwembamba inapiga mluzi. Mluzi huo ndio "sauti" ya Jumanne.

Nitaendelea nikipata chai.

#2 BabaSumeiya

Endelea yakhe, tupo. Mimi naomba nijue hili: binti yangu alitoka rangi ya zambarau, wallahi zambarau iliyoiva. Nikaona nimeshampoteza. Nesi ananiambia "subiri baba" huku anampangusa. Nilitaka kumrukia.

#3 MkungaWaKonde

Ungerukia ungefukuzwa leba bure. Tumboni mtoto anaishi na oksijeni ambayo mimi na wewe tungezimia nayo. Damu yake ina himoglobini ya kitoto, inayoinyakua oksijeni kwa nguvu kuliko yetu, ndiyo maana anastahimili. Ukimbana kidude cha kupima (oksimita) mkono wa kulia dakika ya kwanza, mtoto mzima kabisa anasoma asilimia 60 hadi 65. Dakika ya tano 80 hadi 85. Dakika ya kumi ndipo anafika 85 hadi 95. Kwa hivyo zambarau ya dakika ya kwanza haituogopeshi peke yake. Tunatazama: kalia? kakunja mikono na miguu? moyo unapita mapigo 100 kwa dakika?

Viganja na nyayo kuwa buluu siku ya kwanza na ya pili pia si neno, damu bado haijazoea kufika mbali. Mtazame ulimi na midomo ya ndani. Ulimi wa buluu baada ya zile dakika za mwanzo si wa kusubiri, hata saa sita usiku.

Na kwa nini mkono wa kulia? Kwa sababu mshipa wake unachipuka kwenye aota kabla ya pale kichochoro kinapoingilia. Mguu unapata damu ya baada ya kichochoro. Mtoto akitimiza saa 24 unapima mkono wa kulia na mguu mmoja: pote pasome 95 au zaidi, na tofauti isizidi 3. Dakika tano tu, na kidude hakichomi wala hakitoi damu. Natamani kila wodi ya wazazi visiwani humu ingefanya hivyo kwa kila mtoto.

#4 Bi_Nunuu

Mie nilizalia nyumbani watoto wanne wa mwanzo, Allah amrehemu mkunga wetu. Yeye alikuwa hakati kitovu mpaka kisimame kupiga. Wa tano nikazaa spitali, mbona hata sikumuona mtoto wameshakata! Nikiuliza naambiwa mambo ya kizamani. Nani alikuwa sawa?

#5 MkungaWaKonde

Mkunga wako, Bi Nunuu. Siku hizi Shirika la Afya Duniani linataka tusubiri dakika moja hadi tatu kabla ya kubana, ikiwa mtoto na mama wako salama. Mtoto wa kilo tatu ana damu kama mililita 250 mwilini mwake mwote, kikombe kimoja cha chai. Katika dakika hizo anaweza kupokea mililita 80 hadi 100 kutoka kwenye kondo. Fikiria kikombe kinachopata theluthi nyingine! Ni damu hiyo inayojaza mapafu yanayofunguka, na ndiyo chuma chake cha miezi sita ya mwanzo.

Ila kuna mtoto asiyepumua kabisa anayehitaji kupulizwa hewa. Huyo hatumuachi ameungwa huku tunahesabu dakika, kinakatwa, anakimbizwa mezani.

#6 UstadhKarafuu

Mada tamu. Niongeze la historia, maana vijana wanadhani elimu ya moyo ilianza Ulaya. Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Sham aliyetabibu Cairo na kufariki 1288, ndiye aliyeandika mwaka 1242, akifafanua kitabu cha tabibu Ibn Sina, kwamba ukuta wa moyo hauna matundu ya kupitishia damu, bali damu ya kulia inapita mapafuni ndipo irudi kushoto. Galen wa Wagiriki alikuwa amesema inapenya ukutani. William Harvey wa Uingereza kachapisha kitabu chake cha mzunguko wa damu 1628. Hesabuni wenyewe.

Sasa swali kwa mama mkunga: kilango chako si kinamrudisha Galen?

#7 MkungaWaKonde

Ustadh umenishika pazuri! Hapana. Ukuta waliokuwa wakibishania ni wa vyumba vya chini. Kilango kiko baina ya vyumba vya juu, na kazi yake inaisha siku ya kuzaliwa. Galen mwenyewe alikuwa amekiona kwa wanyama wachanga. Ibn al-Nafis anabaki na haki yake.

#8 MzamiajiMisali

Nachomekea kidogo. Mimi napeleka watalii kuzamia, Misali na kule Njao. Mzungu mmoja alinionesha cheti, daktari wake kamkataza mbizi za kina kwa sababu "kilango cha utotoni hakikugandana". Nilidhani ananitania.

#9 MkungaWaKonde

Hakukutania. Kibao kinajifunga siku ile ile, lakini kugandana moja kwa moja na ukuta kunachukua miezi, na karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne hakijagandana hadi leo. Huenda mimi, huenda wewe. Wengi hawajui mpaka wanakufa na uzee wao. Kwa mzamiaji ubaya ni vile vipovu vya gesi vinavyotokea damuni akipanda juu: badala ya kuchujwa mapafuni vinaweza kuponyoka hapo na kwenda kwenye ubongo.

#10 Shufaa_wa_Wete

Samahani natoka nje kidogo. Nina mimba ya wiki 32, mgongo unaniua. Duka la dawa wamenipa diklofenaki, wakasema haina tabu. Nimemeza mbili.

#11 MkungaWaKonde

Hukutoka nje, mwanangu, umeingia katikati ya mada. Usimeze nyingine. Diklofenaki na brufeni zinazuia mwili kutengeneza prostaglandini, ile ile inayoweka kichochoro wazi. Mimba ikishakuwa kubwa kama yako zinaweza kukifunga mtoto akiwa bado tumboni, na kule ndiyo njia yake ya uhai. Pia zinapunguza maji ya uzazi, ndiyo maana tunataka ziepukwe tangu wiki ya 20. Vidonge viwili visikukoseshe usingizi, lakini kesho nenda kliniki ukawaeleze, na maumivu meza parasetamoli kwa kipimo.

Ajabu ni kwamba dawa za jamii hiyo hiyo tunazitumia kwa njiti. Mtoto aliyezaliwa wiki ya 28 kichochoro chake hakina nguvu ya kujikaza, damu inarudi kufurika mapafuni. Hapo daktari anaweza kumpa brufeni ya mshipa au parasetamoli, kikafunga. Shubiri kwa mmoja, asali kwa mwingine.

#12 BabaAyman_Mkoani

Wangu hakikufunga hata baada ya mwaka. Tulikwenda Dar, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Nilijua watampasua kifua. Wakapita kwenye mshipa wa paja na waya, wakaziba na kitu kama kifungo. Siku ya tatu anakimbia wodini.

#13 MkungaWaKonde

Alhamdulillah. Wa kwanza kufungwa kwa upasuaji na akapona ni msichana wa miaka saba, Boston, Marekani, 1938. Daktari Robert Gross alikifunga fundo kwa uzi wa hariri. Leo waya na kifungo.

#14 Mpemba_Mkweli

Haya mazuri yote, lakini mbona hamsemi uzembe? Mwanangu alizaliwa spitali moja (jina naliweka), daktari akamkagua, akaandika "moyo salama". Tukaja nyumbani, akika tukachinja, raha mustarehe. Kwenye arobaini tunampeleka chanjo, daktari mwengine anasikiliza: tundu! Tundu kubwa! Tundu halichimbwi kwa wiki sita, lilikuwapo. Yule wa kwanza alisikiliza nini, redio?

#15 MkungaWaKonde

Hili ndilo lililonifanya nianzishe uzi, na nakuomba radhi kwa machungu yako. Soma polepole.

Tundu baina ya vyumba vya chini halina sauti lenyewe. Sauti ni ya damu inayopita kwa kasi kutoka kushoto kwenda kulia, na itapita tu ikiwa kushoto kuna shinikizo kubwa kuliko kulia. Siku ya kwanza mishipa ya mapafu imelegea, lakini haijalegea yote. Kuta zake bado nene, za kitumboni. Kwa hiyo shinikizo la kulia bado linakaribiana na la kushoto. Pande mbili zikilingana, maji hayaendi: tundu lipo, damu haipiti kwa nguvu, kipimo cha masikioni kinasikia moyo mzima. Yule daktari huenda alisikiliza vizuri na akaandika alichosikia.

Kisha wiki zinakwenda. Kuta zile zinazidi kuwa nyembamba, shinikizo la kulia linashuka kila siku, na kwenye wiki ya sita au ya nane linakaribia la mtu mzima. Hapo damu inapenya tunduni kwa nguvu, mapafu yanafurika, na sauti inasikika hata na mwanafunzi.

Wazee wetu wakamuweka mzazi na mtoto ndani siku 40. Sisemi walijua habari za mishipa ya mapafu. Walikuwa na sababu zao. Ila moyo wa mtoto nao unakaa arobaini yake. Anazaliwa na moyo wa tumboni unaojigeuza: kilango kwa dakika, kichochoro kwa siku, mkato wa ini kwa wiki moja mbili, mapafu kwa wiki sita. Cheti cha siku ya kwanza kinasema habari za siku ya kwanza tu. Ndiyo maana nawapigia kelele mrudi kliniki, na chanjo isiwe ya kudungwa na kuondoka. Mwambie daktari: "Msikilize na moyo."

Na kinyume chake pia kipo. Kuna watoto ambao kichochoro ndicho kilichowabeba, kwa mfano aliyezaliwa na aota iliyobanwa. Siku mbili tatu anaonekana mzima, anaruhusiwa. Kichochoro kikifunga anageuka ghafla: hanyonyi, nyayo baridi, mapigo ya kwenye kinena hayashikiki. Huyo anahitaji dripu ya prostaglandini ili kifunguliwe tena kabla hajapasuliwa. Mimi kila mtoto kabla hajatoka wodini nambonyeza kinena kwa vidole viwili. Wenzangu wananicheka, eti Bi Kinena. Wacha wacheke.

Uzembe nao upo, sikatai. Nimewahi kupokea mtoto kutoka kituo kimoja kafungwa kwenye kanga mbichi, ya maji, baridi kama samaki wa barafu. Baridi inaifanya mishipa ya mapafu ijibane tena, damu inarudi kupita njia za zamani, mtoto anakuwa buluu upya bila ya ugonjwa wowote wa kuzaliwa nao. Mkaushe, mweke kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, na kuoga kungoje saa 24. Najua bibi zake watanuna.

#16 Mpemba_Mkweli

Nimesoma mara mbili. Bado nina hasira, ila sijui tena nimkasirikie nani.

#17 UstadhKarafuu

Subira, ndugu yangu. Na kijana anaendeleaje?

#18 Mpemba_Mkweli

Ana miaka minne. Tundu limejikaza lenyewe, limebaki dogo, kila mwaka tunapima. Anapanda miembe.

#19 MamaNasra

Shikamoo mama mkunga. Mimi huwa nasoma tu siandiki. Mwanangu ana siku 35. Akinyonya anatoka jasho, kipaji chote kinalowa, mpaka kanga yangu inalowa. Ananyonya kidogo anaacha, anahema, analala, anaamka analia njaa. Mama mkwe anasema ni joto, na wengine wanasema zongo, kwa kuwa alizaliwa mzuri watu wakamsifu. Siku ya kwanza aliandikiwa mzima. Ndiyo nikaona nikuulize.

#20 MkungaWaKonde

Marahaba mwanangu. Kalala sasa? Mfunue kifua, chukua simu, hesabu anapumua mara ngapi kwa dakika nzima, usihesabu nusu ukazidisha. Niambie. Na uzito: alizaliwa na kilo ngapi, na mara ya mwisho alisoma ngapi?

#21 MamaNasra

Nimehesabu mara mbili. 74, tena 71. Mbavu zinaingia ndani. Alizaliwa kilo 3.1, wiki iliyopita 3.2.

#22 MkungaWaKonde

Umri huu 60 na kuendelea ni nyingi, na uzito umesimama. Kwa mtoto kunyonya ndiyo kazi yake nzito kuliko zote, na jasho la kunyonya si la joto mpaka lithibitishwe. Inaweza kuwa moyo, inaweza kuwa kifua, siwezi kujua kwa maandishi. Usingoje asubuhi. Mfunike vizuri, mpeleke spitali ya wilaya sasa hivi, uwaoneshe hizo hesabu. Mama mkwe mwambie dua ya zongo inasomeka hata ndani ya gari. Upo wapi, una usafiri?

#23 BabaAyman_Mkoani

Dada kama uko upande wa kusini niandikie faragha, gari ninayo na mafuta yamo.

#24 MamaNasra

Niko karibu na Chake. Shemegi kawasha vespa, lakini mvua. Nakuandikia kaka.

#25 Bi_Nunuu

Ya Rabbi mhifadhi.

#26 Shufaa_wa_Wete

Wadau, kimya tangu usiku wa juzi. Kuna mwenye habari za MamaNasra? Mimi nimekwenda kliniki, mtoto wangu anacheza vizuri, diklofenaki nimezitupa.

#27 BabaAyman_Mkoani

Niliwafikisha salama. Walimuwekea oksijeni palepale. Mengine atasema mwenyewe.

#28 MamaNasra

Assalaam alaykum. Tumevuka, tupo Unguja wodini siku ya nne. Wamempima kwa picha ya moyo: ni tundu la vyumba vya chini, na mapafu yalikuwa yamejaa. Anapewa dawa ya kupunguza maji, anakojoa sana, nepi hazitoshi. Maziwa nakamua, tunampa kidogo kidogo kwa kikombe asichoke. Wamesema tutafuatilia, likikataa kupungua, Dar. Leo asubuhi nimehesabu mwenyewe: 52. Uzito kaongeza gramu 40.

Arobaini yake inaangukia keshokutwa. Mama mkwe keshapanda boti ya Mkoani na ndoo ya maandazi, anasema wodi nzima itakula.

#29 MkungaWaKonde

Mwambie aniwekee mawili. Na wewe mwenyewe ule, usiwape watu yote.